Wazazi, Uchafu Ule ni Wetu Sisi



Ndugu wazazi, nilimtembelea mpwa wangu anayesoma Kampala. Vijana wanne, nyumba moja, wote wamepita madrasa. Sufuria zimeota ukungu, sakafu ya choo imelowa mkojo, na msala umetandikwa hatua mbili tu kutoka hapo. Ukutani ipo ratiba ya zamu! Kila mmoja akaniambia, "Maalim, leo si zamu yangu."

Tusiwalaumu wao peke yao. Nyumbani nani alikuwa akiosha vyombo? Dada zao. Mvulana akishika ufagio twamcheka. Twamfundisha nguzo za udhu, hatumfundishi kusugua choo. Ilhali Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa, alieleza kuwa Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani alikuwa akiwahudumia ahli zake, na wakati wa Swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Sisi na wana wetu ni nani hata tuone haya?

Kipindupindu na homa ya matumbo havingoji zamu ya mtu. Kabla hujamnunulia mwanao begi la chuo, mkabidhi ufagio. Aanze leo, baada ya chakula cha usiku.

Wabillahi tawfiq.