Majarida ya bure hayajisimamii: maktaba za vyuo vikuu vya Kongo zinahitaji mtu wa abonema

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, vyuo vikuu vya mashariki mwa Kongo vinapokea wanafunzi wapya kwa maneno mazuri: kuna intaneti, kuna chumba cha kompyuta, kuna maktaba ya kisasa. Mwanafunzi analipa minervali na kuingia. Mwaka wa mwisho ukifika, anatafuta makala juu ya malaria, juu ya ugonjwa wa muhogo au juu ya sheria ya ardhi. Anaiona kwenye kompyuta, anabonyeza, na ukurasa unamwomba makumi ya dola kwa makala moja tu. Anaacha, anarudi kwenye memwari ya mtu aliyemtangulia, na anakopia.

Wengi wanasema hilo ni jambo la umaskini. Ni kweli nusu. Nusu nyingine haisemwi sana: makala nyingi za namna hiyo, Kongo ina haki ya kuzisoma bila kulipa hata franka moja.

Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, OMS, pamoja na wachapishaji wakubwa, lilianzisha programu inayoitwa Hinari, ili nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya udaktari. Mwaka 2003 ikafuata AGORA ya kilimo chini ya FAO, mwaka 2006 OARE ya mazingira, mwaka 2009 ARDI ya ufundi na uvumbuzi, na mwaka 2018 GOALI ya sheria. Zote tano zinaitwa leo Research4Life. Nchi zinazohusika zimegawanywa katika makundi mawili: kundi la kwanza halilipi, la pili linalipa kidogo. Kongo iko katika kundi la kwanza. Na si vyuo vikuu peke yake: hospitali, vituo vya utafiti na ofisi za serikali vinaweza kujiandikisha pia.

Basi kwa nini mwanafunzi bado anaombwa dola? Kwa sababu haki ya kusoma ni jambo moja, na mlango kuwa wazi kila asubuhi ni jambo lingine. Kati ya mambo hayo mawili kuna kazi ya mikono, na katika maktaba nyingi kazi hiyo haina mwenyewe.

Katika nchi tajiri kazi hiyo ina jina. Inafanywa na wakala wa abonema. Maktaba ya chuo kikuu cha Ulaya au Marekani inaweza kuhitaji majarida elfu kadhaa kutoka kwa wachapishaji mamia. Haiwezi kuandikiana barua na kila mmoja wao. Inampa wakala orodha, naye anauliza bei, anaagiza, anawalipa wachapishaji wote kwa pesa ya nchi zao, na anarudisha kwa maktaba fakitira moja. Yeye anajipatia mshahara wake kwa asilimia ndogo juu ya bei, au kwa punguzo analopewa na mchapishaji. Kampuni kubwa kuliko zote katika kazi hiyo leo ni EBSCO ya Birmingham, Alabama, iliyoanzishwa mwaka 1944.

Zamani, wakati jarida lilikuwa karatasi, kazi ya wakala ilikuwa kuagiza na kudai namba zilizopotea njiani. Jarida lilipohamia kwenye intaneti, watu walifikiri wakala amekwisha. Ikawa kinyume. Jarida la karatasi likishafika kwenye kabati linabaki hapo. Jarida la intaneti linaweza kupotea usiku mmoja na asubuhi hakuna anayejua sababu.

Sababu zenyewe ni ndogo ndogo. Maktaba nyingi zinatambuliwa na mchapishaji kwa anwani ya IP, ile namba inayoonekana pale mashini za chuo zinapoingia kwenye intaneti. Chuo kikibadilisha kampuni ya intaneti, namba inabadilika, na mchapishaji hakitambui tena. Jarida linaweza kuuzwa kwa mchapishaji mwingine na kuhama tovuti. Mkataba unaweza kuisha tarehe 31 Desemba wakati chuo kiko likizo. Wakala mwema anafuata mambo hayo yote: anaandikisha namba mpya, anarekebisha orodha ya majarida ili kila jina lifungue mahali panapotakiwa, anakumbusha tarehe ya kulipa, na anasoma mkataba ili kueleza ni miaka gani ya nyuma maktaba itaendelea kusoma hata ikiacha kulipa.

Tena anahesabu. Wachapishaji wengi wanatoa ripoti za matumizi kwa kanuni moja inayoitwa COUNTER, inayoonyesha makala ngapi zilifunguliwa kwa kila jarida. Tuseme jarida moja linagharimu dola 2.000 kwa mwaka na limefunguliwa mara 40: kila usomaji umegharimu dola 50. Lingine linagharimu dola 800 na limefunguliwa mara 400: kila usomaji ni dola 2. Mbele ya hesabu hiyo, profesa anayedai jarida lake libaki kwa heshima ya jina lake hana mengi ya kusema.

Hapa ndipo maktaba za Kongo zinapojidanganya. Kwa kuwa Research4Life ni bure, wakubwa wa vyuo wanafikiri hakuna la kusimamia. Lakini palipo na bure hakuna wakala, maana hakuna asilimia ya kumlipa. Kazi ile ile ya kuandikisha, kurekebisha, kukumbusha na kuhesabu inamwangukia mtu wa maktaba, ambaye hakuambiwa kwamba ni yake. Mtu mmoja anajaza fomu, anapokea jina na neno la siri la chuo, anaandika kwenye kipande cha karatasi. Siku akihama au akistaafu, karatasi inaondoka naye. Chuo bado kiko kwenye orodha, bado kina haki, na wanafunzi wake hawajui hata kwamba kitu hicho kipo.

Kinyume chake pia ni hatari. Mahali pengine neno la siri linatembea kwenye WhatsApp, linafika kwa watu wasio wa chuo, na mtu anaanza kupakua majarida mazima kwa siku moja. Masharti ya programu yanakataza mambo hayo, na mchapishaji akiona hivyo anaweza kufunga mlango kwa chuo kizima. Kosa la mmoja linawanyima wote.

Wala bure si ahadi ya milele. Mwanzoni mwa mwaka 2011 wachapishaji kadhaa waliondoa majarida yao katika Hinari kwa nchi ya Bangladesh, kwa sababu waliona soko la kuuza limeanza huko. Kelele zilipanda, na wakarudisha. Lakini somo ni wazi: maktaba isiyo na hesabu ya kile wasomaji wake wanachotumia haina la kujitetea nalo siku hiyo.

Wapo watakaosema: basi chuo kimlipe wakala wa nje, mambo yaishe. Kwa vitu ambavyo Research4Life haifikii vizuri, hoja hiyo ina uzito. Majarida mengi ya programu zile ni ya Kiingereza, na mwanafunzi wa Kongo anasoma kwa Kifaransa. Kuna Cairn.info, iliyoanza mwaka 2005 nchini Ubelgiji, yenye majarida mengi ya Kifaransa ya sheria, historia na elimu ya jamii. Kuna OpenEdition ya Ufaransa, ambako makala nyingi zinasomwa bure kwenye skrini na maktaba yenye abonema inapata faili za kupakua. Mtu wa kuuliza bei na kujadili masharti anafaa hapo.

Lakini kumpa wakala pesa na kufunga macho ni hatari nyingine. Mwaka 2003 wakala wa Marekani RoweCom, aliyekuwa amemeza kampuni ya zamani ya Faxon, alianguka akiwa amepokea pesa za abonema za maktaba na hakuwafikishia wachapishaji. Mwezi Septemba 2014 ikawa zamu ya Swets ya Uholanzi, kampuni iliyofanya kazi tangu mwaka 1901. Maktaba zilizokuwa zimelipa mapema kwa mwaka 2015 zilijikuta katika mstari wa wadai. Ikiwa maktaba za Ulaya zenye wanasheria zilipoteza pesa namna hiyo, chuo cha Bukavu au Kisangani kingepona namna gani?

Dawa inajulikana, na haihitaji mamilioni. Kwanza, komite ya usimamizi ya kila chuo iandike kwa barua rasmi jina la mtu anayehusika na majarida ya intaneti, na jina la msaidizi wake. Iwe kazi yenye saa na yenye prime, si msaada wa mtu mwema. Pili, kuwe na daftari moja, la karatasi au la kompyuta, linaloonyesha kila programu, tarehe ya mwisho, anwani ya kuandikia na mahali neno la siri linapotunzwa. Mtu akihama, daftari linakabidhiwa kama funguo za ofisi. Tatu, kila mwisho wa nusu mwaka mtu huyo aonyeshe wakubwa hesabu: ni fakilte ipi inasoma, ipi haisomi, na kwa nini.

Nne, vyuo vya mji mmoja viache kununua kila kimoja peke yake. Goma na Bukavu kila mji una vyuo vikuu kadhaa. Vikiungana kuomba bei moja, mchapishaji atasikiliza zaidi kuliko akijiwa na chuo kimoja chenye wanafunzi elfu mbili. Na pakiwa na wakala, mkataba useme pesa zinatoka kwa awamu, kila awamu baada ya wachapishaji kuthibitisha kwamba wamelipwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 benki za Goma zilifunga milango kwa sababu ya vita. Mkataba unaoandikwa huku lazima useme pia kinachofuata pale malipo yanapochelewa bila kosa la chuo.

Kuna wanaojibu kwamba umeme hauko, mega ni ghali, na kwa hiyo mazungumzo haya ni ya Wazungu. Hayo ni matatizo ya kweli. Lakini ndiyo sababu ya kuwa na mtu wa abonema, si sababu ya kumkosa. Umeme ukiwa wa saa tatu kwa siku, saa hizo zisipotee kutafuta neno la siri. Maktaba inaweza kupakua makala ambazo walimu wamezitaja kwa masomo yao, kwa kiasi ambacho masharti yanaruhusu, na mwanafunzi akazisoma hata giza likiwa mjini.

Wengine wanasema Google inatosha. Google inaonyesha makala iko wapi, lakini haimlipii mtu. Anayefungua mlango ni yule aliyeandikisha chuo, aliyerekebisha namba, aliyekumbuka tarehe.

Vyuo vinapopanga budje, vinapata pesa za rangi ya ukuta, za gari la rekta, za kompyuta mpya. Mstari wa mtu wa abonema haugharimu hata nusu ya gari hilo. Wanafunzi wanaolipa minervali wana haki ya kuuliza administratere wa budje swali moja: ni nani, kwa jina, anayehusika na majarida ya intaneti ya chuo hiki, na mara ya mwisho aliyafungua lini?