Programu Ndani ya Programu: Nani Anaomba?

Mwezi Juni 2021, Safaricom ya Kenya ilizindua programu ya simu ya M-PESA iliyobeba ndani yake programu nyingine ndogo za watoa huduma mbalimbali. Anayetaka tiketi ya safari hahitaji kupakua programu ya pili; hubonyeza alama moja, na huduma ikafunguka papo hapo. Utaratibu huo ulikuwa umekwisha kuenea China tangu WeChat ilipoanzisha programu zake ndogo Januari 2017. Oktoba 2025, OpenAI nayo iliruhusu huduma za kampuni nyingine zifunguke ndani ya mazungumzo ya ChatGPT.

Kwa kawaida, programu ndogo ya aina hii hutumia teknolojia za wavuti na hufunguliwa ndani ya programu kubwa. Inapohitaji jina la mtumiaji, namba yake ya simu au malipo, hupitisha ombi kwa programu mwenyeji, nayo humuuliza mtumiaji kama anaridhia. Hapo ndipo mfasiri anapobeba dhamana. Chukua ilani kama hii:

*Programu inaomba namba yako ya simu. Itaihifadhi.*

Programu ipi? Mwenyeji na mgeni wote wanaitwa programu, wote wamo katika ngeli ya I-ZI, na kiambishi *i-* hakiwatofautishi. Utata huo hauishii kwenye sarufi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zinataka mwenye taarifa afahamishwe madhumuni ya kuzikusanya na watakaozipokea. Ilani isiyobainisha mpokeaji humfanya mtumiaji aridhie asichokijua.

Istilahi tatu zinashindana. *Wijeti* inafaa zaidi kwa kidude cha kuonyesha habari kwenye kioo cha simu, kama vile saa au hali ya hewa. Haielezi huduma kamili inayopokea fedha. *Programu ndogo* inaeleweka na kila msomaji, lakini upatanisho wake ni ule ule wa programu kubwa, hivyo sentensi ya pili hurudi kwenye utata. *Kijiprogramu* huingia ngeli ya KI-VI, na ngeli hiyo hufanya kazi ambayo maelezo marefu yangefanya:

*Kijiprogramu kinaomba namba yako ya simu. Kitaihifadhi, programu mwenyeji haitaihifadhi.*

Wapo wanaopinga kwamba *kiji-* hudunisha, kama katika *kijitu*. Pingamizi hilo lina uzito katika majina ya watu, ila halithibitiki katika majina ya vitu: *kijitabu* cha maelekezo ya dawa hakimdharau yeyote, na hakuna anayedhani kwamba maelekezo yake ni ya mzaha.

Hata hivyo, istilahi peke yake haitoshi. Ngeli humwonyesha msomaji kwamba wahusika ni wawili. Haimwambii ni akina nani. Panapohusika fedha au taarifa binafsi, mfasiri aandike *kijiprogramu cha* kisha jina la kampuni inayokimiliki, hata kama matini asilia imeridhika na neno moja tu. Nafasi kwenye kioo cha simu ni finyu, lakini jina la anayeomba ndilo neno la mwisho kupunguzwa.