Faili za alama si takataka

Ripoti ya hitilafu imeingia. Programu ya simu imejifunga yenyewe mikononi mwa mteja, na fundi anaifungua ripoti akitegemea kuonyeshwa kosa liko wapi. Anakuta b.c.a, chini yake d.f.b, chini yake tena a.a.c, hadi mwisho wa ukurasa.

Hayo ni majina. Siku programu hiyo ya Android ilipojengwa, kifaa kinachoitwa R8 kiliyakata majina marefu ili programu iwe nyepesi, kikaandika kwenye faili ya mapping.txt jina lipi limegeuzwa kuwa lipi. Faili hiyo ndiyo inayojua kwamba b.c.a ni Malipo.kokotoaRiba. Iko wapi sasa? Haipo. Kila programu inapojengwa upya, mapping.txt mpya huandikwa juu ya ile ya zamani, na toleo alilo nalo mteja ni la miezi mitatu iliyopita.

Sisi tunasema waziwazi: toleo ambalo faili zake za alama, yaani faili za aina hiyo, hazijulikani ziliko ni toleo nusu, na halikupaswa kumfikia mteja.

Jambo hili si la Android peke yake. Windows ina faili za .pdb, Apple ina .dSYM, na kwenye Linux habari hizo huandikwa kwa mfumo wa DWARF. Kazi ni ileile: kueleza kwamba anwani fulani ndani ya programu, ambayo kwa macho ni namba tupu, imetoka kwenye faili fulani ya msimbo, mstari fulani.

Utasikia mtu akisema, "Si tutajenga tena tukizihitaji?" Hapana. Ndani ya kila .pdb mna namba ya utambulisho yenye biti 128, na namba hiyohiyo imepigwa chapa ndani ya programu iliyozaliwa nayo. Jenga upya kesho kwa msimbo uleule, bila kugusa hata nukta, na kwa kawaida utapata namba nyingine. Kifaa cha kusaka makosa kitazilinganisha hizo mbili na kukataa. Apple nayo hutumia utambulisho wa aina hiyo kuoanisha programu na .dSYM yake. Hao ni mapacha, na hakuna anayeweza kumzalia mtoto wa mwaka jana pacha mwaka huu.

Wengine huzima kabisa utengenezaji wa alama kwenye mipangilio ya toleo la mwisho, wakidai zinaipunguzia programu kasi. Kwa GCC dai hilo halina msingi: bendera ya -g inaongeza habari pembeni, maelekezo yatakayoendeshwa na kompyuta hayabadiliki, na unaweza kuitumia pamoja na -O2 bila shida. Kwa kiunganishi cha Microsoft pana chembe ya ukweli, kwa sababu ukiwasha /DEBUG kinaacha kuondoa vipande visivyotumika, na programu inanenepa. Dawa yake ni kuongeza /OPT:REF na /OPT:ICF kwenye mipangilio hiyohiyo. Ni maneno mawili tu. Hatuoni kwa nini mtu akeshe usiku kucha akibahatisha kosa kwa kukwepa kuyaandika.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, nalo ni kumkabidhi mteja kila kitu. Tovuti nyingi hupandishwa kwenye seva pamoja na faili zake za .map, na faili hizo mara nyingi hubeba msimbo wote wa awali, pamoja na maelezo ambayo waandishi waliandikiana wenyewe kwa wenyewe. Yeyote mwenye kivinjari anausoma. Hata usipompa mtu .pdb, programu ya Windows huweza kubeba ndani yake anwani kamili ya mahali faili hiyo ilipokuwa kwenye kompyuta iliyoijenga, ikiwa na jina la mtumiaji na jina la mradi.

Anayeona hilo ni dogo na akumbuke Agosti 2012, kirusi kilipofuta data za kompyuta zipatazo 30,000 za kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco. Dunia ilikiita Shamoon. Jina hilo halikubuniwa na wachunguzi. Walilikuta ndani ya kirusi chenyewe, kwenye anwani ya .pdb iliyosahauliwa humo: C:\Shamoon\ArabianGulf\wiper\release\wiper.pdb. Watu waliojificha vizuri kiasi hicho waliacha jina la folda yao mezani. Ili kuepuka hilo, kiunganishi cha Microsoft kina mpangilio wa /PDBALTPATH unaokuwezesha kubakiza jina la faili pekee, bila njia nzima.

Debian na Fedora walikwisha kulimaliza suala hili: programu inakwenda kwa mtumiaji ikiwa imevuliwa alama, na alama zinawekwa kwenye vifurushi vya pembeni kwa anayezihitaji. Microsoft hutoa hadharani alama za Windows zilizopunguzwa, zenye majina ya vitendaji lakini bila undani wa ndani. Hawa hawatupi wala hawamwagi ovyo.

Kwa timu ndogo ya watu watatu au wanne mambo ni mepesi zaidi. Mashine inayojenga toleo ndiyo ipewe kazi ya kuhifadhi alama, kwenye seva ya ndani yenye nakala ya akiba, kila folda ikibeba namba ya toleo. Kazi hiyo isiachiwe laptopu ya mtu, kwa sababu laptopu huibwa na mtu huhama kazi. Anayepeleka programu Google Play kwa mfumo wa bando (App Bundle), mapping.txt inakwenda humo humo, lakini bado abaki na nakala yake.

Kisha, kabla ya kutoa toleo lijalo, chukueni ripoti moja ya zamani mjaribu kuisoma kwa faili mlizohifadhi. Ikitoka b.c.a, ahirisheni toleo.