Kioo peke yake hakitoshi

Ziko filamu ambazo mtu akisema hazikumridhisha huonekana kama aliyewatukana wenye harusi. Mojawapo ni Good Luck to You, Leo Grande, iliyotolewa mwaka 2022, ikaongozwa na Sophie Hyde na kuandikwa na Katy Brand. Wachambuzi wa Uingereza na Marekani waliimiminia sifa, wakasema inamfundisha mwanadamu kuukubali mwili wake. Nimeitazama mara mbili, ya pili kwa kuchelea kuidhulumu. Rai yangu ni ile ile: waigizaji wamefanya kazi kubwa, lakini jibu linalotolewa ni dogo kuliko swali lililoulizwa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwalimu mstaafu wa somo la dini, mjane, anajiita Nancy Stokes. Katika ndoa yake yote hakuonja raha ya unyumba. Sasa anakodi chumba cha hoteli na kumlipa kijana, Leo Grande, ambaye kazi yake ni kuuza mwili. Wanakutana mara nne, na karibu filamu nzima haitoki chumbani humo. Emma Thompson ndiye mjane, Daryl McCormack ndiye kijana.

Nisieleweke vibaya. Silalamiki kuwa yamesemwa ya faragha. Sisi watu wa pwani hatukungoja senema itwambie kuwa mambo hayo yana elimu yake. Somo alimfunza mwari kabla ya harusi, na kwenye vugo wanawake waliimbiana mafumbo ambayo mwanamume akiyasikia hujifanya hakuelewa. Wala simshangai mjane huyu. Upweke wa mwanamke aliyezeeka bila kuulizwa hata siku moja, "Wewe wataka nini?", ni jambo zito, na Bi Thompson analionyesha kwa mikono isiyojua pa kukaa na maneno yanayokimbizana kuificha hofu. Kwa hayo anastahiki sifa.

Ninapokwama ni kwa yule kijana. Ana uso mzuri, subira, adabu, na jibu la kila swali. Ameletwa kama dawa iletwavyo kwa mgonjwa. Mara moja tu anakuwa mtu: mjane anapolichimbua jina lake la kweli na kugusa habari ya mama aliyemkana. Kijana anaghadhibika na kuondoka. Hapo nilikaa vizuri kitini, nikasema sasa filamu imeanza. Wapi! Wanapokutana mara ya nne mjane anaomba radhi, wanapatana, na jeraha la kijana linapitwa upesi ili raha ya mteja itimie. Hata mhudumu wa hoteli, mwanafunzi wake wa zamani aliyewahi kusemwa vibaya kwa sketi fupi, anaombwa radhi kwa dakika chache, yakaisha.

Mwisho mjane anasimama uchi mbele ya kioo, anajitazama. Bi Thompson alieleza mjini Berlin, Februari 2022, jinsi ilivyomwia vigumu kusimama vile, nami namwamini. Lakini nauliza: nani amemkubali nani? Watoto wake, anaowataja kwa kuchoka, hatuwaoni. Aibu ya mwili haiingii kwa kioo. Huingia kwa maneno ya watu, na kuitoa kunataka watu pia: mume anayeuliza, mama asiyemkana mwanawe, mwalimu asiyewatusi wanafunzi. Hayo filamu iliyagusa kwa ncha ya kidole, ikarudi kitandani.

Hata hivyo, kabla hatujawacheka wenzetu, tujitazame. Mjane wa kwetu akimaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, sheria imemfungulia mlango. Mtaa ndio unaoufunga. Akisema ana miaka sitini na ataka mume, wanawe wataona haya, na majirani watapata la kuzungumza barazani. Tumesahau kuwa Bibi Khadija alikuwa mjane, na kwamba posa ilitoka kwake.

Filamu hii ilimwona mwanamke ambaye hakuna aliyekuwa akimwona, kisha ikamwuzia jibu kwa saa. Sisi jibu tunalo, halina bei, na mama zetu wanakufa nalo moyoni kwa kuogopa midomo yetu.