NANI ATAPIMA UMBALI?

Somo la leo ni Kumbukumbu la Torati 21:1-9.

Maiti imepatikana shambani na muuaji hajulikani. Torati haiwaruhusu watu kupita wakitikisa vichwa. Inawaamuru wazee na waamuzi watoke wapime umbali kutoka pale maiti ilipolala hadi miji inayoizunguka. Mji ulio karibu zaidi, wazee wake ndio watakaosimama mbele za Bwana. Hawakuua, lakini lazima wajibu, kwa sababu damu imemwagika karibu nao.

Katika miaka yangu yote ya utumishi nimelihubiri andiko hili mara moja tu. Malaki 3 nimeihubiri mara ngapi? Usinijibu.

Sasa pima nami. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno aliyodaiwa kuandika mtandaoni kumhusu mkubwa mmoja wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji ukaonyesha majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na maumivu mwilini kote, na daktari akasema mtu hawezi kujifanyia hivyo. Baadaye watu sita, wakiwemo maofisa wa polisi, wakashtakiwa kwa mauaji. Hatia yao ni ya mahakama kuamua. Mimi nauliza tu: kutoka Central, kanisa lililo karibu liko hatua ngapi? Ongeza zile kumbi za ghorofani mjini ambako tunafanya kesha kila Ijumaa. Tulikuwa karibu sana, mpendwa.

Na huku kwetu Kawangware, wacha nikuambie aibu yangu mwenyewe. Mama mmoja wa kanisa alinijia asubuhi akitetemeka. Mwanawe alikuwa amechukuliwa usiku pale steji, na simu yake haikupatikana tena. Nikamwekea mikono, nikaomba kwa machozi, nikamwambia, “Mama, tumwachie Bwana.” Nilidhani nimemaliza kazi. Wamama watatu wa ushirika wa nyumbani walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja, anayeuza mboga, akasema, “Pasta, amina. Sasa nani anaenda naye?”

Wakaenda wao. Kituo cha kwanza waliambiwa kijana hayuko. Hawakupiga kelele. Waliketi kwenye benchi, wakaandika saa waliyofika na namba ya ofisa aliyewajibu, kisha wakaomba tukio liandikwe kwenye OB na wapewe namba yake. Wakaenda kituo cha pili. Huko kijana alikuwepo, na jina lake halikuwa limeandikwa popote. Kufikia jioni alikuwa nyumbani, mkono umevimba, bila shtaka lolote. Vituo hivyo sivitaji, kwa sababu kijana bado analala mtaa ule ule.

Hawa wamama hawakusoma chuo cha Biblia kama mimi. Lakini wao ndio waliotoka kupima umbali.

Najua kuna atakayeniandikia Warumi 13, kwamba kila mamlaka imewekwa na Mungu. Naiamini sura hiyo. Lakini aliyeiandika ni Paulo yule yule wa Matendo 16, aliyepigwa fimbo Filipi bila kuhukumiwa. Asubuhi wakubwa walipotuma ujumbe kwamba aachiliwe kimya kimya, alikataa kutoka mpaka waje wenyewe. Kuheshimu mamlaka hakukumzuia kudai sheria ifuatwe. Katiba yetu, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti kama saa hizo zimeangukia siku isiyo ya kazi. Kuuliza hilo kwenye dirisha la kituo si uasi.

Pia sitakudanganya kwamba ni kazi salama. Mwaka 2016 Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda, alikuwa amelalamika IPOA kwamba polisi alimpiga risasi. Akitoka kortini Mavoko alitekwa pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Miili yao ilitolewa mtoni. Ilichukua miaka sita mpaka polisi watatu na mpasha habari wao wakapatikana na hatia, mwaka 2022. Kwa hiyo mtu akinyamaza kwa woga, simhukumu. Ninachokataa ni sisi kumtuma mjane peke yake halafu tumwite shujaa. Torati inataka mashahidi wawili au watatu, na nimeanza kuona kwamba hiyo ni ngao pia. Ni rahisi kumtisha mtu mmoja. Watu arobaini wenye daftari moja ni kazi nyingine.

Vijana na wamama wa Mathare walilijua hili kabla yetu. Walianzisha kituo chao cha haki, wakaanza kuandika mauaji ya mtaani, jina, mahali na tarehe, na mwaka 2017 wakayatoa kama ripoti. Leo akina mama waliopoteza watoto wanasindikizana mochari na kortini. Kanisa lilipaswa kuwa pale kwanza.

Na wewe ofisa unayeabudu nasi, tunakupenda. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasidhulumu, wasisingizie watu, waridhike na mshahara wao (Luka 3:14). Ukiona kijana anaingizwa seli bila kuandikwa, wewe ndiye mzee wa mji ulio karibu zaidi.

Jumamosi hii saa nane mchana, baada ya maombi ya wamama, tutaketi kanisani na wakili. Atatufundisha jinsi ya kuandika taarifa, jinsi ya kupeleka malalamiko IPOA, na kwa nini familia iombe daktari wake awepo kwenye upasuaji. Tutachagua watu sita wa zamu, wawili wawili, ambao mama yeyote wa mtaa huu, awe wa kanisa letu au Mwislamu, anaweza kuwaamsha usiku. Zamu ya kwanza ni yangu. Daftari lishanunuliwa, na mama wa mboga ndiye atakayelitunza.