Mambo ya Nyumbani: Tuliwapeleka Watoto Unguja

Wako wazazi wasemao kwamba kuwatembeza watoto ni kutupa fedha. Ni kweli, fedha hupatikana kwa jasho. Lakini mtoto ajuaye shamba la baba yake na njia ya kisimani tu, atayajuaje mambo yaliyowapata wazee wake? Basi, tulipokwisha kuuza mazao, sisi watu sita wa nyumba moja tulipanda boti ya asubuhi Dar es Salaam, na baada ya mwendo wa saa mbili hivi tukashuka bandarini Unguja.

Tulianza na Ngome Kongwe, inayoelekea bustani ya Forodhani. Zamani Wareno walikuwa na kanisa mahali hapo. Waarabu wa Omani walipowatoa Wareno katika ngome ya Mombasa mwaka 1698, walijenga ngome hii ili adui asirudi. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo zina meno juu. Baadaye ilikuwa gereza. Siku hizi ndani mna maduka na uwanja wa ngoma na michezo. Watoto walikimbia toka mnara hadi mnara, na mama yao hakuwakataza.

Jirani yake ni Beit al-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka siku ya Noeli mwaka 2020. Kisha tukapita vichochoroni mpaka kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Hapo tulisali kidogo, tukapumzika.

Mwisho tulifika Mkunazini. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, mpaka Seyyid Barghash alipokubali kulifunga mwaka 1873, akishurutishwa na Waingereza. Siku ya Noeli mwaka ule ule Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao juu ya kiwanja hicho. Nje kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu watano, minyororo shingoni. Watoto wakanyamaza. Halafu kijana wetu mkubwa akasema, “Kumbe Waarabu walikuwa watu wabaya!”

Mama yake akamwuliza, “Na yule aliyemkamata jirani yake usiku kule bara, akamfunga kamba, alikuwa nani?”

Kijana hakuwa na jibu, basi tukaketi tukamweleza. Misafara ilitoka Ujiji, ikapita Tabora hadi Bagamoyo. Mingine ilitoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Wafanya biashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walinunua watu. Lakini wako watemi na wakubwa wa bara waliouza mateka wao kwa nguo, shanga na bunduki. Wafaransa nao walinunua watu kwa mashamba ya visiwa vyao. Na soko lilipofungwa utumwa haukwisha: watu waliendelea kulima mikarafuu ya mabwana zao Unguja na Pemba, na sheria ya kuuondoa utumwa ilitoka mwaka 1897, yaani miaka 24 baadaye.

Wazazi wenzangu, habari hii ni nzito, tena ni rahisi kuipindua. Ukimwambia mtoto nusu yake, utampandia chuki juu ya majirani wasio na hatia. Ukimficha yote, atayasikia kwa wengine, nawe hutakuwapo kuyanyosha. Mwambie yote, kwa upole, kisha mwulize: Je, siku hizi hatuna mtoto wa ndugu anayefanyishwa kazi mchana kutwa bila shule wala ujira, kwa sababu tu hana wa kumtetea?

Kijana wetu aliulizwa hivyo. Akatafakari, kisha akamtaja mtoto mmoja wa kijijini kwetu. Jumapili, baada ya Misa, mimi na mama yake tulikwenda kuzungumza na wenye nyumba hiyo. Mtoto ameanza shule.