Madarasa Tumejengewa, Malezi Je?

Kila mwaka ifikapo Aprili na Mei, matangazo ya vikao vya bajeti hubandikwa kwenye kuta za ofisi za wadi na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp. Tunaitwa kutoa maoni, na tukifika tunaomba yale tuliyozoea kuomba: barabara, kisima, taa za mulika mwizi, basari iongezwe. Katika vikao nilivyohudhuria miaka hii, sikumbuki hata kimoja ambapo habari za mtoto wa miaka miwili zilichukua zaidi ya dakika tano. Na humo ukumbini nusu ya waliokaa ni kina mama wenye watoto mapajani.

Tuanze na Katiba, maana wengi wetu hudhani mambo ya watoto ni ya serikali ya Nairobi. Jedwali la Nne limeorodhesha kazi za kaunti, na mstari mmoja unataja mambo manne pamoja: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kulelea watoto. Chekechea kaunti ziliipokea kwa mikono miwili tangu 2013. Kwale chini ya Gavana Salim Mvurya ilijulikana kwa madarasa yake ya chekechea, na jirani zake nao wakajenga. Lile la mwisho katika mstari huo, vituo vya kulelea watoto, ndilo lililobaki kama mtoto asiye na mwenyewe.

Chekechea humpokea mtoto akiwa na miaka minne. Kabla ya hapo yuko wapi? Tembea Changamwe au Mikindani alfajiri, wakati kina mama wanapoelekea viwanda vya nguo vya EPZ, utawaona wakipitia kwa jirani kumwacha mtoto. Ni chumba kimoja, mama mmoja mtu mzima, watoto wanane au kumi, mkeka, jiko la makaa pembeni. Malipo ni ya siku kwa siku. Mama huyo simlaumu hata kidogo. Bila yeye wengi hawangekwenda kazini. Ila hakuna aliyemfunza huduma ya kwanza, hakuna anayemkagua, na mtoto akianguka kwenye jiko kila mtu atashika njia yake kulaumu. Ndiye anayefanya kazi ambayo Katiba iliipa kaunti, na kaunti haijui hata jina lake.

Sababu ya pengo hili si ubaya wa roho za viongozi peke yake. Angalia hesabu zinavyopangwa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Darasa likijengwa, linahesabiwa huko. Mlezi akiajiriwa, anahesabiwa katika mishahara, na kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Kaunti nyingi zimeshapita hapo. Kwa hiyo ukuta ukisimamishwa gavana anasifiwa, na mtu wa kukaa ndani ya ukuta huo akiajiriwa anaitwa mzigo. Ndiyo maana walimu wa chekechea wamelalamikia kandarasi za muda na malipo duni huku majengo mapya yakifunguliwa kwa ngoma na shuka za rangi. Malezi ni watu. Huwezi kuyakata utepe.

Halafu kuna basari. Najua hapa nitawaudhi wengi, maana hakuna nyumba ya Mpwani isiyojua thamani ya karo iliyolipwa. Lakini shule za upili na vyuo vikuu ni kazi ya serikali kuu. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alitoa waraka akitaka kaunti zisitoe pesa za basari kwa kazi zisizo zao bila makubaliano rasmi na serikali kuu. Magavana walipinga na jambo likafika mahakamani. Mjadala wote ulikuwa juu ya nani ana haki ya kumlipia karo kijana wa kidato cha tatu. Sikusikia kiongozi akiuliza: ikiwa tuna pesa za kufanya kazi ya mwenzetu, yetu wenyewe tumeimaliza? Mzazi aliyepewa hundi ya basari ana kura na ana shukrani. Mtoto wa miaka miwili hana kura, na mama yake yuko kiwandani siku ya kikao.

Upande wa pili wa familia uko mikononi mwa serikali kuu. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ni wa Nairobi, ingawa ofisi yake iko mtaani kwako. Pesa za Inua Jamii kwa mayatima, shilingi 2,000 kwa mwezi, zatoka huko pia; na mpango huo ulipoanza kujaribiwa 2004, Kwale ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Familia yenyewe haioni mipaka hii. Bibi anayelea wajukuu watatu ataambiwa mambo ya kliniki aende kaunti, mambo ya pesa aende kwa afisa wa watoto, mambo ya barua aende kwa chifu. Kwa mkaazi wa Kiunga au Ndau, kila "nenda kule" huenda ikawa nauli ya boti.

Jambo hili litazidi uzito. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watolewe kwenye makao na kurudishwa katika familia. Pwani ina makao mengi, mengine yakitegemea wageni na wafadhili wa nje. Mimi naunga mkono mwelekeo huo. Sisi tulijua kulea mtoto wa ndugu kabla ya mtu kutuandikia mkakati, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala kama njia halali ya malezi. Lakini mtoto akirudishwa kwa shangazi ambaye tayari ana sita, anarudi na nini? Kliniki ya karibu, nafasi chekechea na mahali pa kushinda mchana ni mambo ya kaunti. Yasipopangwa mapema, familia itachoka na mtoto ataishia ufuoni kuuza njugu.

Hapa ndipo kalenda inapotuponza. Tunaitwa Aprili na Mei, wakati makadirio yameshafikishwa bungeni. Viwango vya kila idara vimeshawekwa katika waraka wa mkakati wa fedha, ambao hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari. Na miradi yenyewe imeshatajwa katika mpango wa maendeleo wa mwaka, unaotakiwa kuwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Anayeomba kituo cha malezi mwezi wa Mei anaomba kiti kwenye matatu iliyoondoka.

Basi fungua mpango wa kaunti yako, utafute vituo vya kulelea watoto. Ukiona mstari, tazama kama una kiasi cha pesa na mahali, au ni jina tu. Usipouona, andika barua kwa karani wa bunge la kaunti kabla ya Septemba. Usiombe jengo. Omba kaunti iwasajili walezi wa mitaani waliopo sasa, iwape mafunzo kupitia zahanati, iwatumie afisa wa afya mara kwa mara, iwasaidie kuondoa jiko chumbani. Haya ni ya gharama ndogo kuliko darasa moja. Na mipango ya miaka mitano iliyopo inaishia 2027. Inayofuata itaandikwa baada ya uchaguzi, na wanaoitaka kura yako watapita mlangoni kabla ya hapo.